Kiwiko Kikivunjika, Tuangalie Vidole



Msimu wa maembe ukifika, watoto wetu hawakai chini. Mmoja yuko juu ya tawi, mwingine anamsukuma, na wa tatu anangoja kuokota. Mtoto akianguka hutanguliza mkono. Huo mkono ndio unapokea uzito wa mwili wote, na mara nyingi kinachovunjika ni kiwiko. Watu wazima nao hawajaachwa. Wengine huvunjika kwa ajali ya boda boda, wengine kwa kuteleza kwenye matope wakiwa na mtungi wa maji, na wazee wetu kwa kujikwaa tu mlangoni.

Tunaposema kiwiko katika somo hili, tuna maana ya pale mkono unapokunjika katikati, pahali wengine wanapaita kisugudi. Hatusemi juu ya kifundo kilicho karibu na kiganja.

Somo lina jambo moja kubwa. Mfupa uliovunjika ukichelewa kidogo bado waweza kuungwa. Lakini mkono ambao damu haifiki hauwezi kungoja. Nyama ya mkono ikikosa damu kwa masaa sita hivi inaanza kufa, na ikishakufa hakuna daktari wa kuirudisha. Kwa hivyo kazi yetu kijijini si kuunga kiwiko. Kazi yetu ni kutambua, kuutegemeza mkono, kuangalia vidole, na kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali iliyo na eksirei.

KIWIKO KIMEUNGWAJE?

Mwezeshaji awaombe wanakikundi wote wakunje mkono mmoja na kugusa kiwiko kwa mkono wa pili. Tutasikia vifundo vitatu: kimoja upande wa ndani, kimoja upande wa nje, na kimoja nyuma kwenye ncha. Mkono ukikunjwa, hivyo vitatu vinakaa kama mafiga. Ukinyooshwa, vinakaa katika mstari mmoja.

Mifupa inayokutana hapo pia ni mitatu. Kuna mfupa mmoja mnene unaoshuka kutoka begani, na kuna miwili inayotoka kwenye kiganja: mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole kidogo. Huu wa kidole kidogo ndio ulio na ile ncha ya nyuma. Unazunguka kwenye mfupa wa juu kama bawaba ya mlango. Ule wa kidole gumba ndio unatuwezesha kugeuza kiganja juu na chini, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa.

Mbele ya kiwiko unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wote wa chini. Neva tatu, yaani nyuzi za fahamu, nazo zinapita karibu. Ukijigonga kiwiko kwenye meza na kusikia kama umeme hadi kidole kidogo, ni moja ya hizo umegonga. Basi tuone: pahali padogo kama ngumi pamejaa mifupa, damu na fahamu. Ndiyo sababu kiwiko si pahali pa kujaribu jaribu.

AINA ZA KUVUNJIKA KWA WATOTO

1. Juu kidogo ya kiwiko. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7. Mfupa wa juu ni mwembamba hapo, kwa hivyo mtoto akiangukia kiganja mkono ukiwa umenyooka, unakatika. Mwaka 1959 daktari wa upasuaji wa Marekani, John Gartland, aliigawa aina hii mara tatu, na hospitali zetu bado zinatumia mgawanyo wake:

- Daraja la kwanza: mfupa una ufa lakini haujasogea. Mtoto anawekwa plasta kwa muda wa wiki 3 hivi.
- Daraja la pili: mfupa umepinda, lakini upande wa nyuma bado umeshikana, kama kijiti kibichi kilichovunjwa nusu. Daktari anaurudisha mahali pake mtoto akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, kisha anaweka plasta. Mara nyingi anaongeza nyaya nyembamba za kuushikilia.
- Daraja la tatu: mfupa umeachana kabisa. Huu ndio wa hatari, kwa sababu ncha yake kali inaweza kuchoma au kubana mshipa wa damu na neva. Mfupa unarudishwa kwa dawa ya usingizi na kushikwa kwa nyaya mbili au tatu zinazopitishwa kwenye ngozi. Nyaya hutolewa baada ya wiki 3 hadi 4.

2. Kifundo cha nje. Hii inadanganya watu. Uvimbe unaweza kuwa mdogo, mtoto analia siku mbili halafu ananyamaza, na wazazi wanasema ni kuteguka tu. Lakini kipande kilichovunjika kinavutwa na misuli na kinaweza kukataa kuungana. Kikiwa kimesogea zaidi ya milimita 2, kwa kawaida hushikwa kwa nyaya au skrubu. Kikiachwa, mkono unapinda kwenda nje mtoto anapokua, na miaka mingi baadaye neva ya kidole kidogo inavutika hadi vidole vinakufa ganzi.

3. Kifundo cha ndani. Hii ni zaidi ya watoto wakubwa, wa miaka 9 hadi 14. Mara nyingi inakuja pamoja na kiwiko kuteguka. Kipande kidogo cha mfupa kinaweza kuingia ndani ya kiungo na kukwama hapo. Eksirei ndiyo itaonyesha.

AINA ZA KUVUNJIKA KWA WATU WAZIMA

1. Ncha ya nyuma. Mtu ameangukia kiwiko chenyewe. Dalili kubwa ni kwamba hawezi kunyoosha mkono kwa nguvu zake, kwa sababu msuli wa nyuma umevuta kipande juu. Vipande vikiwa vimeachana, kwa kawaida hufungwa kwa waya au chuma kwa upasuaji. Kwa mzee sana asiyefanya kazi nzito, daktari anaweza kuamua kutopasua, na mkono ukamtosha.

2. Kichwa cha mfupa wa upande wa gumba. Huyu anaumia akigeuza kiganja. Mgawanyo unaotumika ni wa mwaka 1954, wa daktari aliyeitwa Mason. Daraja la kwanza ni ufa usiosogea: mkono unategemezwa kwa kitambaa siku chache tu, kisha mgonjwa anaanza kuukunja na kuunyoosha mapema. La pili ni kipande kilichosogea, na la tatu ni mfupa uliopondeka vipande vingi. Hayo mawili yanaweza kuhitaji upasuaji.

3. Mwisho wa mfupa wa juu. Hii tunaiona kwa ajali za barabarani, na kwa akina nyanya ambao mifupa yao imekuwa myepesi. Mara nyingi ufa unaingia hadi ndani ya kiungo, na wagonjwa wengi wanahitaji vyuma na skrubu. Hapa dawa za kupaka hazitasaidia.

Na kuteguka je? Kiwiko kinaweza kutoka mahali pake bila kuvunjika, na yale mafiga matatu yanapotea mpangilio. Lakini kwa macho tu hatuwezi kusema kwa hakika kwamba hakuna kilichovunjika. Kila kiwiko kilichovimba baada ya kuanguka, na mtu hawezi kukitumia, tukihesabu kuwa kimevunjika mpaka eksirei iseme vingine.

ADUI MKUBWA NI MKONO KUKOSA DAMU

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza ugonjwa wa mikono iliyokauka na kujikunja kama makucha baada ya kufungwa kwa nguvu. Alionyesha kuwa chanzo chake ni misuli kukosa damu. Mpaka leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, na mpaka leo watoto wanaupata.

Unakujaje? Kwanza, mfupa wenyewe unaweza kubana mshipa wa damu. Pili, uvimbe ndani ya mkono unajaa kama gunia lililoshonwa likiwa limejaa kupita kiasi, na damu inakosa nafasi. Tatu, na hii ni kazi ya mikono yetu, mtu anafunga mabanzi na vitambaa kwa kukaza wakati mkono unaendelea kuvimba. Plasta ya hospitali nayo ikibana inaleta shida hiyo hiyo.

Dalili ni hizi:
- Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa.
- Mtoto anapiga kelele ukimnyooshea vidole polepole. Hii ni dalili ya mapema, tusiidharau.
- Vidole ni baridi, vyeupe au vya buluu.
- Ganzi, au vidole vinakataa kusogea.

Tusingoje zote zifike. Moja tu yatosha kuondoka usiku huo. Na ikiwa mtoto aliyekuwa akilia amenyamaza ghafla huku vidole vimekufa ganzi, hajapona. Hali yake imekuwa mbaya zaidi.

JINSI YA KUANGALIA VIDOLE

Kila mwanakikundi ajifunze hii, na tuifanye sasa hivi wawili wawili.

Kwanza damu. Bonyeza ukucha wa mwenzako mpaka uwe mweupe, kisha uachilie. Rangi yapasa kurudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu. Linganisha na mkono mzima. Gusa vidole: vina joto sawa?

Pili fahamu. Mwombe mgonjwa afanye mambo manne kwa vidole, bila kusogeza kiwiko:
1. Afunge ngumi.
2. Afungue kiganja chote na kunyoosha vidole.
3. Atandaze vidole viwili kama mkasi.
4. Afanye duara kwa ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada.

Kila moja inapima njia yake ya neva. Mtoto mdogo mwambie ni mchezo. Asipoweza moja, andika kwenye karatasi pamoja na saa, na umpe daktari hiyo karatasi. Itamsaidia kujua kama neva iliumia wakati wa kuanguka au baadaye. Rudia kila nusu saa mkiwa njiani.

HUDUMA YA KWANZA

Tufanye hivi:
- Tuutegemeze mkono vile tulivyoukuta. Ukikubali kukunjika kidogo bila kuumia, tuufunge kwa leso shingoni. Ukiwa umenyooka, tuuweke juu ya mto au gazeti lililokunjwa na kuushikilia kwa kitambaa kilicholegea.
- Tuvue pete, bangili na saa mara moja, kabla vidole havijavimba.
- Kama kuna jeraha, tulifunike kwa kitambaa safi. Mfupa ukionekana tusiusukume ndani. Huyo anahitaji dawa ya viini na sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo.
- Tumpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake, kwa maji kidogo. Tusimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akapewa dawa ya usingizi. Tukumbuke alikula saa ngapi.

Hapana kufanya hivi:
- Hapana kuvuta wala kunyoosha.
- Hapana kukunja mkono kwa nguvu mpaka kiganja kiguse bega.
- Hapana kukanda, hata kwa mafuta, hata kwa maji moto.
- Hapana kufunga mabanzi kwa kukaza. Kama yameshafungwa na vidole ni baridi, tuyalegeze papo hapo.

Zahanati nyingi hazina eksirei. Mtoto mwenye kiwiko kilichovimba tumpeleke moja kwa moja kwenye hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Tukipita zahanati, iwe ni kwa dawa ya maumivu na barua, si kulala hapo.

WAZEE WANAOUNGA MIFUPA

Katika vijiji vingi kuna mzee anayejulikana kwa kuunga mifupa, na watu wanamwamini. Yuko karibu, anakubali kuku au malipo ya kidogo kidogo, na anaongea lugha yetu. Tusimtukane. Tuketi naye na tumweleze juu ya damu na vidole. Tumwombe kitu kimoja: kiwiko cha mtoto asikiguse, bali awe wa kwanza kusema, "Huyu apelekwe hospitali." Neno lake lina uzito kuliko la kwetu, na mzee mwenye busara akilisema, familia itaondoka upesi.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa kukanda. Kiwiko cha mtoto kikikandwa na kunyooshwa kwa nguvu, mfupa mpya unaweza kuota ndani ya nyama, na kiungo kikakauka kikawa kama kijiti.

Wengine wanasema, "Ni mtoto, mfupa utajinyoosha akikua." Kwa mifupa mingine ni kweli. Lakini mfupa wa mkono wa juu hukua zaidi kwa upande wa bega, karibu sehemu 80 kwa kila 100. Upande wa kiwiko hukua kidogo tu. Kiwiko kilichoungana kikiwa kimepinda kuelekea mwilini kitabaki hivyo, na kukinyoosha ni upasuaji mwingine.

BAADA YA PLASTA

Siku mbili za kwanza ndizo za kulinda. Vidole viangaliwe mchana na usiku. Maumivu yakizidi au vidole vikibadilika rangi, turudi hospitali usiku huo huo, hata kama kadi inasema kliniki ni wiki ijayo.

Plasta ikitolewa, mkono utakuwa mgumu. Mtoto tumwache acheze na kuutumia mwenyewe. Utalegea polepole kwa wiki na miezi. Mtu mzima aanze mazoezi mapema vile daktari atamwambia, kwa sababu kiwiko cha mtu mzima kikikaa bila kusogea zaidi ya wiki 3 hivi kinaweza kukauka. Mazoezi ni ya mgonjwa kusogeza mkono wake mwenyewe. Si ya jirani kuuvuta.

MFANO WA KUJADILI

Tuseme ni Jumamosi, saa kumi jioni. Mtoto wa miaka sita ameanguka kutoka mwembeni. Kiwiko kimevimba na mkono umepinda. Nyanya yake anasema, "Mwiteni mzee amfunge, Jumatatu tutaona." Mama anashika vidole na kusikia ni baridi, akivinyoosha, mtoto anapiga kelele. Baba yuko mjini kwa kibarua na simu haipatikani. Mama ana shilingi 400 na boda boda anataka 900 mpaka hospitali. Sanduku la kikundi lina pesa, lakini lina kufuli tatu na wenye funguo ni watu watatu. Katiba ya kikundi inasema mkopo hutolewa siku ya mkutano tu, na mkutano ni Jumatano.

1. Mama ameona dalili gani? Amebakiwa na muda gani?
2. Nyanya anampenda mjukuu wake. Nani ataongea naye, na kwa maneno gani?
3. Mwenye boda boda atambebaje mtoto huyu? Nani ataketi nyuma kuushika mkono?
4. Katiba yetu sisi inasema nini juu ya dharura? Kama jambo hili lingetokea leo usiku, sanduku lingefunguka?
5. Mtoto akibaki na mkono uliokauka, ataandika vipi shuleni? Atalima vipi? Gharama hiyo italipwa na nani?

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

- Tujue hospitali ya karibu yenye eksirei na daktari wa mifupa, na tuandike nambari yake ya simu nyuma ya kitabu cha kikundi.
- Tuchague mwenye pikipiki au gari ambaye atakubali kuamshwa usiku na kulipwa kesho.
- Tutenge pesa kidogo za dharura ambazo mweka hazina anaweza kuzitoa siku hiyo hiyo kwa sahihi za watu wawili, bila kungoja mkutano.
- Kila jamaa ihakikishe imejiandikisha katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na kwamba mchango umelipwa. Kujiandikisha peke yake hakutoshi mgonjwa akihitaji kulazwa na kupasuliwa.
- Wawili kati yetu wamtembelee mzee anayeunga mifupa, pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, na walete habari.

Kila mmoja akifika nyumbani leo awafundishe watoto wake ule mchezo wa vidole vinne: ngumi, kiganja, mkasi, duara. Wao ndio wanakuwa pale mwembeni mwenzao akianguka, kabla sisi hatujafika.